Mamake Vumbi Hayuko Ugenya

Mchana wa jua kali, ukumbi wa Mwelu huwa kama ndani ya chungu kilichofunikwa. Mabati yake yana matundu ya misumari ya zamani, na kila tundu huteremsha uzi wa mwanga mpaka sakafuni. Ndani ya nyuzi hizo vumbi hupanda na kushuka polepole, kama lina akili zake. Ukikaa humo peke yako kabla watu hawajaja, nje mbuzi wa Kiamaiko wakilia zizini, utasinzia macho wazi, usijue kama unaangalia sinema au sinema inakuangalia wewe.

Hivyo ndivyo Zedekiah Ondiek alivyokuwa amekaa siku ya Alhamisi, kipaza sauti kimemlalia mapajani kama paka. Kazi yake ilikuwa kusimulia. Filamu inakuja kutoka ng'ambo ikisema Kiingereza, au Kichina, au lugha isiyo na mwenyewe. Ondiek anapanda kiti chake kirefu pembeni ya skrini, anapunguza sauti ya wageni, anapandisha yake. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili. Kiingereza chake kiliishia darasa la sita, na Kichina hakikuanza. Hakuwa mtu wa maneno mazuri. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na hayo ni mambo mawili tofauti.

"Mtu akifungua mdomo kwenye skrini," alizoea kusema, "ni moja kati ya matatu. Anataka kitu, amenyimwa kitu, au anaongopa. Mengine najaza mwenyewe."

Filamu iliyompa jina ilikuwa ya Vumbi. Huyu alikuwa mtoto wa mchimba migodi wa huko kwao, aliyeweza kugeuka vumbi, akapenya chini ya mlango, kisha akajikusanya upande wa pili akawa mtu tena. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, lenye herufi zinazogombana. Ondiek alilitupa siku ya kwanza. "Huyu ni Vumbi," akasema, na Eastlands nzima ikaitikia. Filamu zilikuwa nne. Alizisimulia zote, zikarekodiwa, nakala zikasambaa kutoka Huruma mpaka Mukuru kwa Njenga. Na kwa kuwa alirekodia hapo hapo ukumbini, ukuta mmoja na zizi, mbuzi nao wakaingia. Vumbi akijikusanya, meee. Vumbi akimkamata jambazi, meee. Hakuna aliyelalamika.

Halafu kulikuwa na mamake Vumbi.

Katika filamu ya kwanza, dakika ya kumi, mama huyo anaugua. Analala kwenye kitanda cheupe, daktari anaingia, anamtazama, anavua miwani. Hata mtu wa darasa la sita anajua daktari akivua miwani maana yake nini. Lakini siku filamu hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza, zilikuwa zimepita wiki mbili tu tangu Ondiek amzike mkewe, Anyango, nyumbani Ugenya. Binti yao Jacklyne alikuwa na miaka minne. Alikuwa na surua wakati wa mazishi, akaachwa Nairobi kwa jirani, akaambiwa mama amesafiri. Sasa alikuwa amepona, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumwachia, alikuwa amekaa kwenye paja la baba yake, kidole gumba mdomoni.

Daktari akavua miwani. Ukumbi ukangoja. Jacky akatoa kidole mdomoni, akageuka. Hakutazama skrini. Alimtazama baba yake.

"Daktari anasema mama ni mzima," Ondiek akasema kwenye kipaza sauti. "Ameenda Ugenya kuvuna mtama. Atarudi."

Watu wakacheka mpaka mabati yakalia. Mama Mzungu, Ugenya, kwenye mtama! Walidhani ni mzaha, na Ondiek akawaacha wadhani. Ikawa desturi. Kwa filamu nne nzima, kila Vumbi alipoinua macho juu kwa huzuni, Ondiek alisema, "Anaangalia kama Ugenya kunanyesha." Neno likatoka ukumbini likaingia mtaani. Taa zikizimika, stima zimeenda Ugenya. Mume asiyelala kwake yuko Ugenya kwa mavuno. Hata beberu aliyechinjwa asubuhi, ukimwulizia jioni, mwenye zizi atakwambia ameenda Ugenya. Watoto wamezaliwa, wamekua, wanalitumia neno hilo, wala hawajui Ugenya iko upande gani wa dunia.

Jacklyne aliuliza, "Mama anarudi lini?" kila wiki, halafu kila mwezi. Alipofika miaka tisa, shangazi yake Maurine alimchukua Desemba wakaenda nyumbani. Aliporudi hakuuliza tena. Ondiek naye hakuuliza kwa nini haulizwi. Wakaishi hivyo, wakilizunguka neno moja kama shimo la barabarani ambalo kila dereva analijua na hakuna anayelitaja.

Mlango wa bati ukalia. Mwanga ukamwagika ndani, na katikati ya mwanga akasimama mwanamke mwenye mkoba begani. Ondiek alikodoa macho. Alidhani bado anasinzia.

"Baba, habari yako?"

"Jacky! Umefuata nini huku? Ng'ang'a mzima? Mtoto je?"

"Wazima." Jacklyne alikuwa ameolewa na Ng'ang'a, anakaa Komarock, na ukumbini hapo hakuwa amekanyaga miaka kumi na zaidi. Wakikutana, ni kanisani siku ya Krismasi. Aliitazama benchi ya mbele, iliyo karibu kabisa na kiti kirefu. "Bado mnayo hii?"

"Mti mzuri hauozi. Nikuitishie chai? Mwelu ameepua mandazi sasa hivi."

"Sikuja kunywa chai. Nasikia Jumamosi mnaonyesha Vumbi mpya."

"Mmesikia mpaka Komarock?"

"Ng'ang'a ameiona kwa simu. Anasema wameianza upya, na safari hii ni ya giza. Anasema mama anazikwa kaburi likionekana." Alimgeukia baba yake. "Utasema ameenda wapi?"

Ondiek akacheka, kile kicheko cha kazini. "Nitaona. Watu wamezoea Ugenya."

Jacklyne hakucheka. Alikaa kwenye benchi, akaweka mkoba magotini.

"Baba, mwezi jana tulimzika Cucu, mamake Ng'ang'a."

"Si nilikuja mpaka Murang'a? Si nilishika koleo?"

"Ulishika. Sasa juzi Lydiah wangu ameniuliza, 'Mama, Cucu ako wapi?' Mtoto wa miaka minne, amebeba jina la huyo nyanya yake. Nikafungua mdomo. Unajua nini kilitoka?"

Ondiek alijua. Alitazama nyuzi za mwanga.

"Ugenya," Jacklyne akasema. "Mama wa watu, Mkikuyu wa Murang'a, hata Kisumu hajawahi kufika, nimempeleka Ugenya kuvuna mtama. Na mtoto akaniuliza atarudi lini. Kwa sauti ile ile, Baba. Nilijisikia mimi mwenyewe nikiuliza."

Nje mbuzi mmoja alilia, mwingine akamjibu kutoka mbali.

"Mimi najua," akaendelea. "Nimejua tangu miaka tisa. Binamu yangu Owuor ndiye alinionyesha kaburi. Alinionyesha kwa mguu, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa mapera. 'Huyo ndiye mamako,' akasema, akaendelea kula. Sikulia. Nilisema nitalia nikisikia kwa baba. Bado nangoja."

"Jacky, hiyo ni sinema tu."

"Ilianza ikiwa sinema tu?"

Ondiek akaanza kukunja waya wa kipaza sauti.

"Jumamosi nitakaa hapa hapa," Jacklyne akasema akiinuka. "Ukimpeleka Ugenya tena, nitaondoka, na Krismasi usiningoje kanisani."

Akatoka. Vumbi aliloliamsha likabaki likizunguka kwenye mwanga, kana kwamba linajikusanya.

Ijumaa mchana Ondiek aliiangalia filamu mpya peke yake, apate kuipima. Ilikuwa kweli ya giza. Mvua tangu mwanzo. Vumbi huyu mpya alikuwa na ndevu na macho ya mtu aliyefukuzwa kazi. Ilipofika kwenye mazishi, filamu ilinyamaza. Hakuna muziki, hakuna maneno, dakika saba nzima. Babake Vumbi amesimama kaburini, amewapa watazamaji kisogo, na kando yake mtoto amemshika kidole. Basi. Joto lilikuwa kali, mabati yanapasuka pasuka, na ndani ya kimya hicho kope za Ondiek zikashuka.

Akaona mtama. Uliota sakafuni mwa ukumbi, katikati ya benchi, kila bua limesimama ndani ya uzi wake wa mwanga. Anyango alikuwa humo na kisu kidogo cha kuvunia, kitambaa chake cha kijani kichwani, mbuzi wakimfuata nyuma bila kula kitu. Alikata suke, akaweka kwenye kikapu, akakata lingine. Kikapu hakikujaa. Alipofika chini ya kiti kirefu aliinua uso, akajifuta jasho.

"Zedekiah," akasema, bila hasira, kama anavyouliza mtu chumvi iko wapi. "Mtama uliisha zamani. Nivune nini tena?"

Aliamka shingo imekakamaa. Filamu ilikuwa imefika mwisho, skrini nyeupe tupu.

Jumamosi saa nane, watu walikuwa wameshajaa kwenye meza ya chai ya Mwelu, mlangoni. Mwelu ndiye mwenye ukumbi. Marehemu mumewe alimwachia viti, mashine na sufuria, naye akatambua mapema kwamba sufuria ndiyo inayoleta watu. Ubishi ulikuwa umechemka kuliko chai.

"Huyu wenu mpya," Kiarie alikuwa akisema, "si Vumbi. Huyu ni matope!" Kiarie ni fundi wa friji, mtu mzima mwenye ndevu, na sanduku lake la vifaa limeandikwa VUMBI kwa rangi nyekundu. Alikuwa ameshika andazi juu kama ushahidi wa mahakamani. "Hacheki. Jua haoni. Mvua, mvua, mvua. Nani ameshawahi kuona vumbi kwenye mvua? Nijibuni!"

"Kiarie, maisha yenyewe iko hivyo," akajibu Tiffany. Huyu ni msusi, miaka ishirini, na filamu alikuwa ameiangalia mara mbili kwa simu. "Yule wako wa zamani anapiga watu wanaamka wakijipangusa. Huyu akikupiga, umepigwa."

"Anaua!"

"Anaua wabaya, manze."

"Vumbi haui. Vumbi humfunga mtu kwa mshipi wake mwenyewe, anamwacha mlangoni kwa polisi."

"Na polisi wanamwachilia! Yule jambazi wa jino la dhahabu si alirudi filamu zote nne? Huyu mpya amemmaliza dakika ya arobaini, tukaenda nyumbani."

Watu wakacheka. Kiarie alitafuna kipande cha ushahidi wake, akabadilisha njia.

"Haya. Na mbuzi je?"

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi wa Vumbi! Akijikusanya, mbuzi hulia. Ni ishara. Mnyama huona kabla ya binadamu. Nimeiangalia hiyo yenu kwa simu ya shemeji mwanzo mpaka mwisho, hakuna mbuzi hata mmoja. Pesa zote hizo, walishindwa na mbuzi?"

Tiffany alimtazama kwa muda mrefu. Halafu sauti yake ikawa laini, karibu ya huruma.

"Kiarie. Hebu geuka."

Kiarie akageuka. Hatua tano nyuma yake, juu ya mbao za zizi, beberu mweupe alikuwa amemkazia macho. Beberu akafungua mdomo. Meee.

Kilichofuata ni kelele. Mtu alimwaga chai. Kiarie alisimama katikati ya vicheko kama mtu aliyeambiwa kwamba babake si babake.

"Mzee Ondi," akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Ukuta ni mwembamba."

"Miaka ishirini?"

"Si mbuzi wale wale," Ondiek akasema.

Kiarie alijipangusa mdomo taratibu. "Sawa. Chukueni mbuzi. Lakini mama hamchukui. Mama yuko Ugenya."

"Mathe wake alidedi, Kiarie," Tiffany akasema. " Hata kwa ile ya kwanza alidedi. Daktari ametoa miwani, kwani alikuwa anaenda kuogelea?"

"Hapa kwa Mwelu hajafa! Kuna watu wametembea kutoka Mukuru kwa Njenga kuja kumsikia akiwa Ugenya. Javan, waambie."

Javan alikuwa amekaa juu ya ndoo, kijana mrefu wa kibarua, unga wa kiwandani bado umekaa kwenye nyusi. Hakutaka kusema, lakini walikuwa wamemgeukia wote.

"Mimi mathe alienda mwaka huu," akasema akiangalia viatu vyake. "Sasa ile ya Ugenya, mtu akiisema, nafuu napata. Ni hivyo tu."

Hakuna aliyecheka. Mwelu alimwongezea chai bila kuulizwa. Kisha akamgeukia Ondiek. "Umesikia, Baba Jacky? Neno lako ndilo limejaza ukumbi. Usituharibie leo na mambo ya giza."

Kabla Ondiek hajajibu, Jacklyne alipita katikati yao, mkoba begani. Alimsalimia Mwelu, akamwamkia baba yake kwa kichwa tu, akaingia ndani. Kupitia mlangoni Ondiek alimwona akikaa kwenye benchi ya mbele, mwisho kabisa, mahali pake.

Saa tisa wakafunga mlango. Giza la ukumbi halikuwa giza kamili. Nyuzi za mwanga zilikuwa zimelala upande sasa, zinapita juu ya vichwa vya watu. Ondiek akapanda kiti kirefu. Akawasha kipaza sauti, taa yake ndogo nyekundu ikafumbua jicho.

"Mvua inanyesha," akaanza, "na huyu mnayemwona ni Vumbi akiwa mtoto. Msimcheke masikio, atakua."

Wakacheka. Alikuwa kazini. Dakika ya tano, dakika ya saba. Mama akaugua. Kitanda cheupe. Daktari akaingia, mikono nyuma.

"Daktari anavua miwani," Ondiek akasema. "Daktari anasema..."

Hapo hapo mtu akapaza sauti kutoka nyuma, kama anayeita goli: "Ugenya!"

"Ugenya!" Kiarie akaitikia. Benchi za katikati zikaanza kupiga miguu. U-ge-nya, U-ge-nya. Hata Tiffany alikuwa anacheka. Vumbi la sakafuni likapanda kwa miguu hiyo, likaingia kwenye mwanga, ukumbi mzima ukawa kama uko ndani ya maji ya dhahabu, na kwenye skrini daktari akapotea. Likaja kaburi, na baba amewapa kisogo, na mtoto amemshika kidole. Filamu ikanyamaza.

Ondiek hakusema kitu. Miguu iliendelea, ikapungua, ikakoma. Alijua wanamngoja. Neno lilikuwa pale ulimini, limekaa tayari, tamu, limezoea njia. Javan alikuwa amenyanyua uso. Ilikuwa kazi ya sekunde mbili.

Jacklyne alichukua mkoba, akainuka.

Ondiek alishuka kwenye kiti. Hakufikiri. Alishuka kama mtu anayeona mtoto anaelekea barabarani, akafika kwenye benchi kwa hatua tatu, akamshika mkono.

"Kaa," akasema. "Kaa chini, mwanangu."

Jacklyne akakaa. Ondiek akachuchumaa mbele yake, magoti yakilia.

"Mama yako alikufa," akasema.

Halikuwa neno zito kama alivyodhani. Lilikuwa dogo. Likatoka, na nyuma yake mengine yakafuata mlango uliokwisha kufunguliwa.

"Alikufa Jumanne, saa nne asubuhi, nje jua limewaka vizuri. Aliuliza kama umekula. Nikamwambia umekula uji. Hukuwa umekula, ulikuwa na surua, kila kitu unatapika. Hata yeye nilimdanganya. Halafu nikampeleka nyumbani nikamzika. Koleo la kwanza nilirusha mimi. Ningekwambia, lakini uliniangalia, nikaona nikitamka tu atakufa mara ya pili, tena mbele yako. Basi nikamweka shambani, avune. Miaka yote hii nimemwacha juani. Amechoka, mwanangu. Hayuko kwenye mtama. Hatarudi. Tumwache apumzike."

Jacklyne alikuwa amemkazia macho vile vile, kama miaka minne, kidole tu ndicho kilichokosekana mdomoni. Kisha uso wake ukakunjamana, akainama mpaka paji la uso likagusa bega la baba yake, akalia. Alilia kwa sauti ndogo ya kukwaruza, kama mlango wa nyumba iliyofungwa siku nyingi. Ng'ambo ya ukuta beberu akalia pia, mara moja, akanyamaza.

Ondiek alinyanyua mkono amfute machozi. Ndipo alipoiona ile taa nyekundu. Kipaza sauti kilikuwa mkononi. Hakuwa amekiacha kwenye kiti. Mkono wa msimulizi haukiachi, kama sikio la seremala lisivyoiacha penseli. Waya ulikuwa umemfuata sakafuni mpaka pale, na yote aliyoyasema yalikuwa yamepita kwenye spika nne za Mwelu.

Akageuza kichwa. Hakuna aliyekuwa anamtazama. Nyuso zote zilikuwa zimeinuka kwenye skrini, zimelowa. Kule juu baba bado amesimama kaburini, kisogo kwao, kichwa kimemwinamia mtoto, na mtoto anamtazama. Mdomo wa baba hauonekani. Kwa watu wote wa ukumbi huo, ni yeye aliyesema.

Ondiek alirudi kwenye kiti chake. Filamu iliyobaki aliisimulia vizuri, watu wakapigwa wakapigika, jambazi wa jino la dhahabu akamalizwa dakika ya arobaini. Vumbi alipoinua macho juu kwenye mvua, Ondiek alisema, "Anamkumbuka mama yake," akaendelea.

Saa kumi na moja walitoka nje wakipepesa macho. Ubishi ulianza kabla miguu haijavuka kizingiti.

"Nimekubali," Kiarie alikuwa akisema, pua imejaa. "Ni ya giza, lakini nimekubali. Ule uji! Mzee amemdanganya mke wake kuhusu uji! Wazungu wanajua kuandika."

"Lakini hapo hapana maneno!" Tiffany alikuwa amemshika shati. "Nimeiona mara mbili, Kiarie. Dakika saba kimya!"

"Wewe uliona kwa simu. Simu ni ndogo, maneno hayakutosha."

"Surua, Kiarie! Sasa Mzungu atajua surua?"

"Kwani surua inachagua rangi?"

Mwelu hakuwa kwenye ubishi. Alisimama kando ya sufuria, upawa mkononi, akiwaangalia Ondiek na binti yake. Alipokutana macho na Ondiek aliangalia chini, akaanza kukoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Javan alikuwa amenawa uso kwenye mtungi wa maji. Unga ulikuwa umetoka kwenye nyusi, akaonekana mdogo kuliko umri wake. Akamkaribia Ondiek.

"Mzee, nilisema mathe alienda."

"Ulisema."

"Alikufa. Mwezi wa nne."

"Pole sana, Javan. Aliitwa nani?"

"Maria."

"Pole."

Javan aliitikia kwa kichwa, akawafuata wenzake kuelekea Mukuru. Mwendo wao ni mrefu, na walianza kuimba kabla ya kona.

Jacklyne alitengeneza mkoba begani. Macho yalikuwa yamevimba, lakini mabega yalikuwa yameshuka, yametulia. "Twende Komarock," akasema. "Lydiah anamngoja Cucu."

"Nimwambie mimi?"

"Tumwambie sisi."

Walianza kutembea kando ya zizi. Jua lilikuwa limeinama, na vumbi la kwato lilikuwa limetanda juu ya mbuzi, limesimama hewani bila kwenda popote. Walipofika mwisho wa mbao, Jacklyne akasimama.

"Ni kweli aliuliza kama nimekula?"

"Aliuliza mara mbili."

Jacklyne alifikiri juu ya hilo. Akajifuta pua kwa kiganja.

"Hata leo sijala," akasema. "Tangu asubuhi, hakijapita kitu mdomoni."

Ondiek aligeuka, akarudi mpaka kwenye meza ya Mwelu, akaja na mandazi manne kwenye karatasi na kikombe cha chai kilichojaa mpaka kinamchoma vidole. Walikula hapo hapo wamesimama, wameegemea mbao za zizi, na Ondiek akamtazama akitafuna, andazi la kwanza, la pili, mpaka akameza la mwisho.